Nina farasi Tabora, mwaka wa tatu sasa. Karibuni tuulizane

Saisi Mstaafu

Wakuu, mwangaluka wote.

Humu nimesoma nyuzi za kuku, za nyuki, za sungura, hadi za konokono. Wa farasi sijauona. Nimesubiri mtu aanzishe, kimya. Basi naanzisha mwenyewe, maana kwangu nikianza kuzungumzia farasi barazani watu huaga mmoja mmoja.

Nakaa Tabora, upande wa kutokea Kwihara. Nina farasi jike mmoja. Si punda, si nyumbu yule chotara wa punda. Farasi. Anaitwa Sikujua, na jina hilo limeniletea kesi nyingi kuliko farasi mwenyewe. Mtu anauliza, "Anaitwa nani?" Namjibu, "Sikujua." Ananuna, anaona namdharau. Kuna mgambo mmoja nusura anipeleke ofisini kwa ajili hiyo.

Nilimpataje? Miaka 19 nilikuwa saisi huko Arusha, kwenye shamba moja lililokuwa likipandisha wageni farasi. Kwa wasiojua, saisi ndiye anayelisha, anayepiga brashi, anayetandika, anayefagia mavi na anayekimbia mbele kufungua geti. Kupanda ni kwa mgeni. Mimi nilipanda tu pale mnyama alipohitaji kunyooshwa miguu, tena kwa saa niliyopangiwa. Mradi ulipofungwa, hela ya kiinua mgongo haikututosha wote, tukaulizwa nani yuko tayari kuchukua kitu. Mmoja alichukua jenereta, mwingine magodoro ya vyumba vya wageni. Mimi nikasema nipeni Sikujua. Alikuwa na miaka 14. Wenzangu walicheka. Mke wangu hakucheka.

Tulikuja kwa lori kupitia Babati na Singida, siku mbili, tukisimama kila baada ya saa tatu nne anywe maji. Farasi garini hajiachii. Anasawazisha mwili kila kona na kila breki, kwa hiyo akifika amechoka kama aliyetembea. Nzega tulimshusha apumzike kidogo, na sijui watoto walitoka wapi, walijaa kama kumbikumbi. Mzee mmoja akamzunguka mara mbili, mikono nyuma, akaniambia: "Huyu punda wenu mmemlisha nini?"

Sasa raha yake. Hili ndilo ninaloulizwa kila siku, na jibu langu huwa halimridhishi mtu, kwa sababu watu wanategemea niseme mbio.

Namtoa saa moja asubuhi, jua likishapanda. Kabla ya tandiko, brashi. Nikifika pale chini ya sikio, kwenye kona ya taya, anashusha kichwa polepole mpaka kidevu kinakaa begani kwangu, na mdomo wa chini unalegea, unaning'inia kama wa babu aliyesinzia kwenye kiti cha uvivu. Pumzi yake ina harufu ya nyasi kavu. Anakaa hivyo dakika mbili tatu. Uzito wa kichwa cha farasi si mchezo, bega linakufa ganzi, lakini nani atamwondoa?

Kisha kwato, moja moja. Ananipa mguu kabla sijauomba, kwa sababu utaratibu anaujua. Nachokoa mchanga pembeni ya ile nyama ngumu yenye umbo la V katikati ya ukwato, nanusa. Ndiyo, nanusa. Ukwato ulioanza kuoza unajulikana kwa pua siku nyingi kabla mnyama hajachechemea.

Halafu tandiko. Hapa ana ujanja wake. Ukianza kukaza mkanda wa tumboni anavuta pumzi, anajaza kifua, anatulia kama mtawa. Ukiridhika, anaitoa. Ukipanda hapo hapo tandiko linazunguka na wewe unaning'inia ubavuni kama gunia la mkaa. Kwa hiyo nakaza, namtembeza hatua kumi nikijifanya nimesahau, nakaza tena. Ananiangalia kwa jicho moja. Miaka yote hii hatujasameheana juu ya jambo hili.

Tukitoka tunakwenda hatua tu mpaka kwenye miembe, halafu mwendo wa matiti, yaani mbio za polepole, na njia ikiwa ya mchanga laini na hakuna mtu, shoti fupi, yaani mbio zenyewe. Matiti ndiyo humwonyesha mgeni. Miguu inakwenda miwili miwili kwa mshazari, tak-tak, tak-tak, na usipojua kuinuka na kuketi kwa mdundo huo utashuka huwezi kukaa siku mbili. Shoti ni rahisi kuliko matiti, ila hofu ndiyo kubwa. Kuna nukta miguu yote minne haigusi ardhi. Mpiga picha Muybridge alilithibitisha hilo Marekani mwaka 1878, maana watu walikuwa wanabishana. Ila aliyeketi juu alikuwa akilijua siku zote.

Lakini nasema kweli, shoti ningeikosa mwezi mzima nisinung'unike. Brashi nikiikosa asubuhi moja nashinda vibaya.

Karibuni kwa maswali. Wa matusi mpite kushoto.

Mgebuka Mkavu

Mwakeye, mkuu. Nipo Ujiji, natafuna karanga nasoma. Hii ni chai, tena ya tangawizi.

Farasi Tabora? Ndorobo, wale mbung'o wanaoua mifugo, wameacha kazi lini? Stanley aliondoka Bagamoyo mwaka 1871 na farasi wawili, mmoja zawadi ya Sultani Barghash mwenyewe, na wote wawili walifia Kingaru, hata Pwani hawajaiacha vizuri. Alipofika hapa kwetu Ujiji kumwona Livingstone mwezi Novemba alikuja kwa miguu yake. Sasa wewe wako ametoka Arusha kwa lori, kafika salama, na anakuwekea kidevu begani?

Picha. Bila picha huu uzi ni hadithi ya sungura.

Konda wa Masafa

Lita moja inakwenda kilomita ngapi hiyo?

Saisi Mstaafu

@Konda lita 30 za maji kwa siku, siku za jua kali zinafika 40. Kilomita hatujapima.

@Mgebuka picha nimeweka tatu. Ya kwanza ni masikio tu, samahani, mke wangu ndiye aliyepiga na alisimama mbali.

Kuhusu Stanley uko sahihi, ila malizia. Alipompasua mmoja wao alikuta tumbo limejaa minyoo, ndiyo aliyoilaumu. Lakini hoja yako ya ndorobo siibishi hata kidogo. Mji huu ulijengwa na mabega ya watu kwa sababu hiyo hiyo. Pembe na vitambaa vyote vilivyopita Unyanyembe, yaani hapa Tabora, vilibebwa na wapagazi, wengi wao babu zetu Wanyamwezi, kila mmoja na mzigo wa karibu frasila mbili, yaani kama kilo 30, toka hapa hadi Bagamoyo na kurudi. Wazungu walijaribu kila mnyama. Livingstone mwaka 1866 alishuka Pwani ya kusini na ngamia, nyati wa India, nyumbu na punda, makusudi aone nani atahimili mbung'o. Walimwishia njiani.

Kwa hiyo nikipita Kwihara nimepanda Sikujua, karibu na lile tembe walilokaa Livingstone na Stanley, huwa najiona kama mtu anayekula mbele ya watu waliofunga.

Mgebuka Mkavu

Picha nimeona. Nimekuza ile ya pili. Haya, ni farasi. Nafuta chai.

Umesahau tembo. Mwaka 1879 watu wa Leopold, mfalme wa Ubelgiji, walishusha tembo wanne kutoka India pale Msasani, wakitaka wawe malori ya kufika Ziwa Tanganyika. Mmoja tu ndiye aliyeliona ziwa, kule Karema. Babu yangu angekuwepo angewaambia wapande mtumbwi.

Daktari wa Ng'ombe

Nimestaafu mifugo, nipo Urambo. Nimeona uzi huu nikashtuka, maana najua atakayesoma aya za kidevu begani kesho atataka kununua. Naomba niseme mambo kadhaa kabla hamjauza ng'ombe.

Ugonjwa wa ndorobo, nagana, kwa farasi haufanani na kwa ng'ombe wenu wa asili. Ng'ombe anaweza kudhoofu polepole ukapata muda wa kushtuka. Farasi anashuka haraka: homa inayokuja na kuondoka, ufizi unapauka, uvimbe chini ya tumbo na miguuni, anakula lakini anakonda. Wakati mwingine wadudu wanapanda hadi kwenye ubongo, anaanza kuyumba. Na zile sindano za ndorobo ambazo kila mfugaji anazo kwenye mfuko wa suruali, farasi na punda hawazivumilii kama ng'ombe. Dozi ya kukisia inaua.

La pili ni homa ya farasi ya Afrika. Hiyo ni virusi, analetwa na usubi, wale wadudu wadogo wa jioni. Pundamilia anakaa nayo haumwi. Farasi akipata ile ya mapafu, katika kumi unaweza kuzika tisa. Povu puani, macho yanavimba kwa juu, na mara nyingine yote haya ndani ya siku moja. Chanjo ipo lakini kuipata na kuifikisha hapa ikiwa baridi ni kazi.

La tatu, na hili ndilo limeua farasi wengi mikononi mwa wafugaji wazuri kabisa. Dawa ya kuogeshea ng'ombe yenye amitrazi usimpake farasi. Utumbo unasimama. Na chakula cha kuku chenye dawa ya kuzuia kuhara damu, zile zenye monensini, hata kikombe kimoja asionje. Kuku ananenepa, farasi moyo unakufa.

Mzee Saisi, wewe unafanyaje?

Saisi Mstaafu

Daktari, shikamoo. Ulichosema chote kibandikwe mlangoni.

Mimi nafanya hivi. Kabla jua halijazama yuko ndani. Banda lina neti ya dawa pande zote, ile ya dirishani, na nje nawasha moshi wa mavi makavu. Hatoki mpaka jua limewaka. Ndiyo maana nilisema saa moja. Arusha tulikuwa tukiwapandisha wageni alfajiri waone mlima ukiwa wazi. Hapa sithubutu.

Kila asubuhi kipimajoto, kwa nyuma, na naandika kwenye daftari la shule. Kawaida yake ni 37.6 au 37.8. Ikifika 38.5 nampigia daktari wa mifugo kabla ya kunywa chai. Nafunua mdomo wa juu naangalia ufizi, uwe wa pinki kama ulimi wa mtoto. Na magharibi ya mji, kwenye miombo ya kuelekea kwenu Urambo, sijawahi kumpeleka na sitampeleka. Barabara zangu ni tatu tu, zote za mashamba yaliyokwisha kufyekwa. Kuna siku natamani kunyoosha mpaka jua linakozama. Natamani tu.

Na nguo yangu ya kupandia ni ya rangi ya maziwa. Ndorobo anapenda bluu na nyeusi, ndiyo maana mitego yake inashonwa kwa vitambaa vya rangi hizo.

Kijana wa Isevya

Mzee, Waingereza wana utafiti wa mwaka 2019, walivalisha farasi makoti ya mistari kama pundamilia, nzi wakubwa wakawa wanashindwa kutua. Wanakuja kwa kasi halafu wanapitiliza. Mpake chokaa mistari tukuone mjini.

Saisi Mstaafu

Nikimpaka mistari askari wa wanyamapori watanifuata mimi, siyo ndorobo.

Binti Igunga

Shikamoo baba Saisi. Mimi farasi sijui, ila kwetu Igunga punda ndio waliotulea. Maji tulikuwa tukiyafuata mbali, madumu manne kwa punda, mawili kila upande, na kurudi tunatembea nyuma. Ila kwenda madumu ni matupu! Kwenda nilipanda. Bila tandiko, umekaa nyuma karibu na kiuno siyo katikati, unamwongoza kwa kijiti cha shingoni. Mama akiona anafoka, eti msichana hapandi punda. Nikipita kilima tu napanda tena.

Yule wangu alikuwa na alama ya msalaba mgongoni, mstari mweusi wa uti na mwingine wa mabega. Alikuwa akifika kwenye korongo anasimama, anaangalia, hapiti mpaka ameridhika. Kaka zangu walimpiga wakisema mkaidi. Mimi niliwahi kumsikiliza siku moja nikangoja, na kumbe ukingo ulikuwa umeliwa na maji kwa chini. Watu husema fadhila za punda ni mateke. Mimi mateke sijapata hata moja, kaka zangu ndio walioyapata.

Naumia ninapoona mkokoteni umejazwa tofali na punda ana kidonda cha shingo kimeoza, halafu kijana anapiga palepale kwenye kidonda. Na ngozi zao zilivyokuwa zikisakwa ziende China kuchemshwa dawa, nilidhani wataisha. Nilifurahi Umoja wa Afrika ulipokubaliana Februari 2024 kusimamisha biashara hiyo kwa miaka 15.

Swali langu: Sikujua si ana upweke? Punda wetu mwenzake alipokufa alilia wiki nzima.

Saisi Mstaafu

Marahaba mwanangu. Umeuliza swali ambalo wanaume wote humu hawakuuliza.

Alikuwa nao, na mimi saisi wa miaka 19 nilichelewa kuuona. Mwezi wa kwanza hapa alikuwa akizunguka banda mpaka alichimba njia. Anakula nusu, anainua kichwa, anasikiliza. Kule walikuwa 22. Farasi ni wa kundi, akilala chini anataka mwenzake awe macho. Ndiyo, anasinzia akiwa amesimama, viungo vya miguu vinajifunga vyenyewe, lakini usingizi mzito lazima alale chini, na akiwa peke yake anaogopa kulala. Nilikuwa namkuta kila asubuhi hana hata unyasi mmoja kwenye manyoya. Nikadhani ni msafi. Kumbe halali.

Nikaenda kwenu huko, nikanunua punda dume aliyehasiwa, wa kijivu, mwenye msalaba kama huo wako. Anaitwa Shahidi. Siku ya kwanza Sikujua alimfukuza uwanja mzima. Ya pili akamnusa. Siku ya tatu asubuhi nikakuta nyasi zimejaa ubavu wa kushoto, toka bega hadi nyonga. Nilimwita mke wangu aje aone nyasi. Alikuja, akaziona, akarudi jikoni bila kusema neno.

Shahidi sasa hivi ndiye mkuu wa banda. Farasi wa kilo 400 anasubiri punda ashibe kwanza.

Kijana wa Isevya

Mzee kwa nini usingemwacha Shahidi bila kuhasiwa mpate nyumbu? Hiyo si ndiyo biashara?

Saisi Mstaafu

Farasi jike kwa punda dume ndiyo, nyumbu anapatikana. Lakini mimba ya farasi ni miezi 11, na bibi huyu ana miaka 17. Kumzalisha mara ya kwanza umri huo ni kumtafutia kifo. Na nyumbu mwenyewe hazai. Farasi ana kromosomu 64, punda 62, mtoto anaishia na 63, hesabu haigawanyiki. Ukitaka nyumbu wa pili unaanza upya.

Biashara nyingine niliyoulizwa sana ni ya maharusi. Bwana harusi apande farasi mpaka ukumbini, spika zinapiga, watu wanarusha karatasi. Nilikataa mara nne. Ya tano alikuja mtoto wa dada yangu, nikashindwa. Nilimzoesha Sikujua wiki mbili na kelele za redio, ikaenda salama. Kilichomshinda ni veli. Upepo uliinua shela la bibi harusi, Sikujua akapiga hatua tatu za pembeni, na bwana harusi akashukia kwenye keki ya jirani. Tuyaache.

Mgebuka Mkavu

Hapana, hatuyaachi. Keki ya JIRANI?

Saisi Mstaafu

Tuyaache, mkuu.

Daktari wa Ng'ombe

Mzee umetueleza raha. Tueleze na usiku. Hakuna mwenye farasi asiye na usiku wake.

Saisi Mstaafu

Upo, daktari. Desemba ya mwaka wa kwanza, msimu wa maembe.

Mnaijua Tabora Desemba. Maembe yanaanguka mpaka watu wanayakanyaga. Nilikuwa nimeenda msibani Sikonge, nikamwachia kijana wa jirani. Alimfunga kwa kamba ndefu chini ya mwembe, kwa nia njema, apate kivuli. Hakuna aliyehesabu alikula mangapi.

Niliporudi saa nne usiku nikamkuta anachimba chini kwa mguu wa mbele. Anageuka kuangalia ubavu wake mwenyewe kama mtu aliyeitwa. Anakunja miguu anataka kujiangusha, anaghairi. Jasho shingoni na usiku una baridi. Nikaweka sikio tumboni. Tumbo la farasi mzima linaunguruma, kama mtu anasogeza makabati chumba cha pili. Upande wa kulia nikasikia kidogo. Kushoto, kimya. Nikashika mshipa chini ya taya, nikahesabu 60 kwa dakika. Akiwa mzima hazidi 40.

Msokoto. Wasiojua: farasi hawezi kutapika. Mlango wa juu wa tumbo unafunguka kwa kuingia tu. Akila kisichofaa lazima kipite chote, na ana utumbo mrefu wenye kona nyembamba. Kikikwama, au utumbo ukijisokota, unamtazama anakufa.

Nilimpigia daktari wa mifugo, akasema anakuja, pikipiki haina taa, atakuja polepole. Nikaanza kumtembeza. Kuzunguka uwanja, kuzunguka uwanja. Akitaka kubingirika navuta kamba. Nilikuwa namsemesha, mambo ya kijinga tu, majina ya farasi wote 22 wa kule, mmoja mmoja, nani alikuwa na doa wapi. Nilipofika wa kumi na saba nikasahau jina, nikarudia mwanzo.

Daktari alifika saa saba. Sindano ya maumivu, kisha mpira mrefu puani hadi tumboni. Anaupuliza na kusikiliza mara tatu kuhakikisha hajaingia mapafuni, maana ukikosea hapo umemzamisha. Akamwaga parafini ya hospitali, ile ya maji maji isiyo na harufu. SI mafuta ya taa, jamani, naandika kwa herufi kubwa kwa sababu najua watu. Akaniambia, sasa tunasubiri choo.

Mke wangu alitoka na chai na blanketi. Yule yule ambaye hakucheka. Akachukua kamba mkononi mwangu, akasema kaa. Akamzungusha yeye, na kanga yake kichwani, mpaka saa kumi na nusu.

Saa kumi na nusu Sikujua akainua mkia.

Wakuu, nimeoa, nimezaa, nimeona mwanangu akihitimu. Sijawahi kufurahia kitu kama yale mavi. Mke wangu alipiga kigelegele, majirani wakaamka wakidhani kuna mtu kajifungua.

Mwembe ule upo. Una ua wa miiba kuuzunguka.

Binti Igunga

Nimesoma hii nikiwa kwenye daladala nimelia. Mama Sikujua apewe salamu zangu.

Konda wa Masafa

Nami naomba radhi kwa swali la lita.

Kijana wa Isevya

Mzee, chakula unampa nini kwa siku? Nauliza kwa nia njema, sinunui.

Saisi Mstaafu

Kilo nane za nyasi kavu, ndiyo asilimia mbili ya uzito wake, amegawiwa mara nne kwa sababu tumbo lake dogo halitaki kukaa tupu. Pumba ya mahindi kidogo, na hiyo naichambua kwa mkono. Mahindi yaliyoota ukungu yanamwoza ubongo, si maneno ya kutishana. Majani ya karanga nikipata makavu safi. Jiwe la chumvi. Embe moja Jumapili, nimelikata mwenyewe, bila kokwa.

Uzito nilipima hivi, mtu asiye na mizani anaweza: mzunguko wa kifua kwa sentimita, uzidishe kwa wenyewe, uzidishe kwa urefu toka bega hadi tako, gawanya kwa 11,877. Nilitumia kamba nikaipima kwa futi ya fundi cherehani. Kifua 172, urefu 160. Kilo 398. Na ndio maana anayempanda, pamoja na tandiko, asizidi 80. Moja ya tano ya mnyama, basi. Kwa umri wake napenda iwe chini ya hapo.

Mgebuka Mkavu

Nina safari ya Tabora wiki ijayo, kuna mzigo wa dagaa namfuatia mtu. Mkuu unakaribisha wageni? Nimeshakuchokoza sana, nataka nikae juu yake mara moja tu nikawasimulie Ujiji.

Saisi Mstaafu

Karibu sana mtani. Unacheza kilo ngapi?

Mgebuka Mkavu

Wa kawaida tu.

Mgebuka Mkavu

Wakuu, ripoti. Naandika nikiwa kwenye treni narudi, mtandao unakuja na kuondoka.

Nilifika kwake asubuhi. Mzee ni mtu mpole, mwembamba kama fimbo. Hata sijaonyeshwa farasi, akanipitisha mashine ya kusaga ya jirani, nikasimama kwenye mizani ya magunia. 93. Akanishika mkono akasema, "Pole, mwanangu," kama daktari anayekupa majibu.

Kwa hiyo sijapanda. Nimetoka Ujiji, sijapanda.

Akanipa brashi. Akanionyesha mahali pa kusimama, siyo nyuma yake, maana nyuma haoni, na siyo mbele ya paji, hapo pia haoni. Pembeni, bega kwa bega. Nikapiga brashi nusu saa, vumbi lote la Tabora likahamia kwangu. Shahidi alinichunguza mfukoni akapata karanga zangu, akala na karatasi. Halafu mzee akapanda yeye, akaniambia shika kamba, twende hadi miembeni.

Tukaenda hatua. Mimi chini, mzee juu, hakuna anayesema. Yule mnyama anakupumulia shingoni, pumzi za moto. Nikisimama anasimama. Nikiharakisha anaharakisha. Nilijaribu mara mbili tatu makusudi, mzee akaona, akacheka. Tukakutana na mama mmoja na ndoo ya maziwa, akasimama kando, akauliza huyu anaitwa nani.

Nikamjibu.

Sasa hivi nina deni la kumwomba radhi mama mmoja wa Kwihara, na bega langu la kulia linauma, maana wakati wa kuondoka alikiweka kile kidevu, na mimi nikaogopa kusogea, treni nusura iniache.